Ukumbusho wa Deni: Lubumbashi katika Picha za Sammy Baloji

Mfululizo wa picha uliompatia Sammy Baloji sifa nje ya Kongo una jina la Kifaransa, Mémoire. Atakayetaka kulitia jina hilo katika Kiswahili atajikuta mara moja kwenye njia panda. Kamusi itampa kumbukumbu. Lakini watu wa Katanga, wanaposema juu ya picha iliyotundikwa ukutani ili isimulie mambo ya kale, wamezoea neno jingine: ukumbusho. Maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, ila hawana tabia moja. Kumbukumbu inatokana na kukumbuka; ukumbusho unatokana na kukumbusha. Kitenzi cha kwanza kinatosheka na mtu mmoja na jambo lake. Cha pili kiko katika kauli ya kutendesha, nacho kinadai watu wawili: mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa. Mtu aweza kukumbuka peke yake usiku kitandani. Kukumbusha hakuwezekani bila mwingine kusimama mbele yako. Na katika maisha ya kila siku, sokoni na nyumbani, anayekumbushwa mara nyingi ni mwenye deni.

Tofauti hiyo ya kisarufi si mchezo wa walimu wa lugha. Ndiyo inayoamua jinsi picha za Baloji zinavyosomwa. Watazamaji wengi, hasa walio mbali na Lubumbashi, huzichukua kama kumbukumbu: kilio cha mtoto wa mji juu ya viwanda vilivyobomoka, uzuri wa kutu, huzuni ya wakati uliopita. Usomaji huo unampunguza mpiga picha, tena unaupunguza mji wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi ya Baloji ni ukumbusho, kwa maana ambayo neno hilo limekuwa nayo Katanga kwa muda mrefu, na kwamba mapenzi yake kwa Lubumbashi ni mapenzi ya mtu anayeshika hesabu.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, mwaka ambao Kolwezi ilitekwa katika vita vya Shaba. Wakati huo kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa imekwisha kutaifishwa tangu mwaka 1967, na Gécamines ilikuwa imeshika nafasi yake. Alianza kwa kuchora katuni za hadithi, akapita katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kisha akasomea picha na video huko Strasbourg. Utoto wake ulikwenda sambamba na kuanguka kwa kampuni. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na miaka michache baadaye shaba iliyotoka ilikuwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mtoto aliyekua katika mji huo hakuhitaji kitabu ili ajue maana ya kampuni kufa. Aliiona mezani kwa jirani.

Picha za Mémoire zilitengenezwa kati ya mwaka 2004 na 2006, na namna ya kuzitengeneza yafaa kuelezwa polepole, kwa kuwa hoja yote imo humo. Baloji aliingia katika viwanda vilivyonyamaza akapiga mahali pamoja mara kadhaa, kipande baada ya kipande, kisha akaviunga vipande hivyo vikawa picha moja pana. Picha hiyo ni ya rangi, ila rangi yenyewe ni ya vumbi, kutu na mbingu iliyofifia: vyuma vilivyolala, mapaa yaliyotoboka, reli zisizo na gari, na mara nyingine kilima cheusi cha takataka za shaba nyuma ya vyote. Halafu katika nyaraka za wakati wa ukoloni alichukua watu. Ni wafanyakazi waliopangwa mstari, mtu mmoja aliyesimama mikono ubavuni akimtazama aliyempiga picha, wakubwa Wazungu waliovaa kofia na suti siku ya ziara. Aliwakata kutoka mahali pao pa zamani akawasimamisha katika magofu ya leo. Watu hao wamebaki weusi na weupe kama walivyokuwa kwenye karatasi yao ya kwanza, na hakuna jitihada yoyote ya kuwapatanisha na rangi iliyo nyuma yao. Mshono unaonekana. Mpiga picha alitaka uonekane.

Kama nia ingalikuwa kukumbuka tu, njia rahisi ingalikuwa kuweka picha ya kale upande huu na picha ya sasa upande ule, ili mtazamaji apime kilichopotea. Vitabu vingi vya miji hufanya hivyo. Baloji hakupendelea njia hiyo, kwa sababu picha mbili zilizotenganishwa humwachia mtazamaji nafasi ya kusema: haya yalikuwa, yamepita. Katika Mémoire waliopita hawajapita. Wamesimama kiwandani wakingoja, na wanaye mbele yao yule ambaye wanamngoja. Mzungu mwenye kofia yumo katika gofu lile lile. Mtazamaji anaulizwa swali kavu: nani alijenga, nani alichukua, nani ameachiwa vyuma?

Hapo ndipo mwaka wa picha hizo unapokuwa na uzito. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Wengi wao walikuwa wakidai mishahara ya miezi na miezi, na ubishi juu ya kiasi walicholipwa uliendelea kwa miaka. Hiari hiyo, kwa kweli, ilikuwa neno la karatasini. Baloji alianza kupiga viwanda wakati wanaume hao walikuwa nyumbani, Kenya na Katuba na Ruashi, wakizihesabu siku zao za kazi kwa vidole. Mtu anayetazama Mémoire bila habari hiyo ataona mizimu. Mtu wa Lubumbashi aliyeitazama wakati ule aliona foleni ya malipo.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya jamaa za wafanyakazi Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo linaeleza vema mahali pagumu pa picha hizi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilikuwa imebadili siasa yake: badala ya kuwaleta vijana wa muda mfupi na kuwarudisha kwao, iliwaruhusu wafanyakazi kukaa na wake zao kambini, ikawapa nyumba, shule, hospitali na posho ya chakula. Kwa hiyo kampuni ilikuwa baba, naye alikuwa baba mkali. Mnamo Desemba 1941, wafanyakazi wa Lubumbashi walipogoma kudai nyongeza, askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira na watu wengi wakafa, akiwemo Léonard Mpoyo aliyewasemea. Lakini Gécamines ilipoanguka, wana wa wale waliouawa walilia kama yatima. Kumshtaki baba aliyekuwa akikulisha si jambo dogo, na picha nyingi zilizopigwa Katanga hukwepa ugumu huo kwa kuchagua upande mmoja: ama fahari ya bomba refu la moshi, ama ukatili wa mkoloni. Katika Mémoire fahari na mashtaka vimo katika fremu moja. Mfanyakazi aliyesimama peke yake mbele ya tanuru lililokufa ana mwili uliopimwa na kuhesabiwa na mkubwa, na wakati huo huo ndiye fundi aliyeujua moto. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya mfululizo huu.

Baloji hakuwa wa kwanza Lubumbashi kufanya picha ya namna hiyo. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na picha za rangi zilizochorwa na mafundi wa mtaani juu ya kitambaa cha unga. Aina mojawapo iliitwa Colonie belge: mfungwa anachapwa fimbo, askari amesimama, mkubwa Mzungu anatazama, wanawake wanangoja pembeni. Picha hiyo ilitundikwa sebuleni, karibu na mamba muntu mwenye nywele ndefu, mgeni akaingia, akaitazama, na mazungumzo yakaanza. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliozichunguza picha hizo, waliona kwamba wenyewe waliziita ukumbusho. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimfanyia Fabian mfululizo wa picha zipatazo mia moja za historia ya nchi, akazieleza moja moja kwa Kiswahili chake cha Shaba. Na mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière aliyachora. Ukizipanga picha za Tshibumba na za Baloji pamoja, undugu unajitokeza. Wote wawili huweka katika uwanja mmoja watu ambao historia rasmi imewatenga, na wote wawili huiacha picha ikiwa haijakamilika mpaka mtu aiseme.

Lakini hapa pana jambo ambalo wasifu wa kawaida wa Baloji hulipita haraka. Ukumbusho wa Tshibumba uliuzwa mlango kwa mlango kwa bei ambayo mfanyakazi aliweza kuimudu. Uliishi sebuleni. Mémoire ilipata tuzo Bamako mwaka 2007, nayo imetundikwa katika makumbusho na majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Anayekumbushwa, basi, ni nani? Mtu aweza kujibu kwamba ni sawasawa kabisa: deni likumbushwe huko huko alikokaa mdaiwa. Jibu hilo lina nguvu, hasa likitajwa onyesho la mwaka 2011 katika makumbusho ya Tervuren, Congo Far West, ambamo Baloji alifanya kazi pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza. Humo alichukua picha zilizopigwa na François Michel katika msafara wa Charles Lemaire wa 1898 hadi 1900, akazibandika juu ya michoro ya rangi za maji ya Léon Dardenne, aliyekuwa katika msafara huo huo. Mandhari laini ya mchoraji ikaingiliwa na nyuso za watu ambao mchoraji hakuwaona hivyo. Kufanya hayo ndani ya nyumba iliyohifadhi michoro yenyewe ni kumkumbusha mdaiwa akiwa kitini pake. Hata hivyo jibu hilo halitoshi. Mdai naye ana haki ya kuuona mswada wa madai yake, na kwa miaka mingi mswada ulionekana zaidi Brussels kuliko Katuba.

Baloji mwenyewe inaonekana aliliona pengo hilo. Mwaka 2008 yeye na wenzake, Mudekereza akiwa miongoni mwao, walianzisha Lubumbashi chama walichokiita Picha, na kutoka humo yakazaliwa maonyesho yanayorudi kila baada ya miaka miwili au zaidi. Lile la mwaka 2010 liliongozwa na Simon Njami, na la 2019 likaongozwa na Sandrine Colard. Kuyafanya hayo katika mji usio na soko la sanaa kulihitaji ukaidi wa aina fulani. Kuna wanaosema kwamba msanii anayeishi huku na huku kati ya Lubumbashi na Brussels ameuacha mji wake nusu. Hukumu hiyo ni nyepesi. Lubumbashi yenyewe ilijengwa mwaka 1910 kwa hesabu zilizofanywa Brussels, na faili zake nyingi ziko huko hadi leo. Anayetaka kuusoma mji wake mpaka ukurasa wa mwisho hana budi kufunga safari.

Katika kuusoma mji huo, kazi iliyofika mbali kuliko zote, hata kuliko Mémoire, ni ile ya mwaka 2013 inayoitwa Essay on Urban Planning. Haina mtu hata mmoja aliyekatwa na kubandikwa. Ni picha kumi na mbili zilizopangwa kama ubao wa dama: nyingine zimepigwa kutoka angani juu ya Lubumbashi, nyingine ni sanduku za makumbusho ya mji huo zenye mbu na nzi waliochomekwa pini. Kutoka angani unaonekana ukanda uliotenga mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika, kama ule ulioitwa Cité Albert na sasa ni Kamalondo. Upana wa ukanda wa namna hiyo ulitakiwa kuwa angalau mita 500, kwa kuwa ndio umbali ambao mbu wa malaria alidhaniwa kuweza kuruka. Pamoja na picha hizo Baloji anaweka picha ya nyaraka inayohusu kampeni dhidi ya nzi, na maelezo yake: ili apate posho yake, mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 kwa siku.

Nzi hamsini. Idadi hiyo inafanya kazi ambayo makala marefu juu ya ubaguzi hayaifanyi. Inamwonyesha mtu mzima, baba wa watoto, aliyekwisha kutoka zamu, akiinama jikoni na chooni kuwinda wadudu ili apimiwe unga. Na mpango wa mji, ambao wakazi wanautembea kila siku wakienda sokoni au chuoni bila kuufikiri, unageuka ghafla kuwa maandishi yanayosomeka. Hapo ndipo mapenzi ya Baloji kwa Lubumbashi yanapojidhihirisha bila utamu wowote. Anaipenda kama mtu anayeijua hati ya mirathi ya nyumba yao, pamoja na mistari iliyoandikwa kwa wino mdogo. Hata wakati alipokwenda Kolwezi, kati ya 2009 na 2011, akapiga mahema ya wachimbaji wa mkono na kuyaweka karibu na picha za karatasi kutoka China za miji inayong'aa na bustani zisizo na mavumbi, jicho lilikuwa lile lile: nani anauziwa ndoto, na ndoto hiyo imetundikwa kwenye turubai la nani. Mfululizo huo wa Kolwezi, hata hivyo, ni mwepesi kidogo. Mgongano wa hema na bango unaeleweka mara moja, na kikieleweka mara moja hakimrudishi mtazamaji.

Linabaki suala la majina, na kwa wasomi wa Kiswahili ndilo zito kuliko mengine. Picha za Mémoire hazina majina. Zimeandikwa Sans titre na namba. Uamuzi huo una mantiki yake: nyaraka za kampuni hazikuwaandika watu wale kwa majina, na mpiga picha hakutaka kuwabuni. Namba iliyo chini ya picha inarudia kwa makusudi namba aliyopewa mfanyakazi. Lakini kurudia kosa la nyaraka ili kulionyesha kuna hatari yake. Mtu aliyechukuliwa na kampuni kuwa mkono wa kazi aweza kuchukuliwa na sanaa kuwa alama ya ukoloni, na katika hali zote mbili asiwe fulani mwana wa fulani.

Ulinganisho na maandishi mengine ya mji huo huo unalidhihirisha jambo hilo. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa ajili ya kikundi cha watu waliokuwa wapishi na maboi wa Wazungu, historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha mji, Vocabulaire de ville de Elisabethville, ambayo Fabian aliitoa kuwa kitabu mwaka 1990. Tahajia yake inamsumbua msomaji aliyefunzwa Kiswahili sanifu. Mipaka ya maneno haifuatwi, Kifaransa kinaingia kinapotaka. Lakini humo watu wana majina. Wakubwa Wazungu wanatajwa kwa majina ya utani waliyopewa na watumishi wao, na kila jina ni hukumu fupi. Boi aliyekuwa akitazamwa kama kiti cha mezani ndiye anayetazama sasa. Mémoire ingalikuwa na nguvu nyingine kabisa kama lugha hiyo ingaliingia katika fremu, au angalau chini yake. Inashangaza kwamba chama kilichochagua neno la Kiswahili kuwa jina lake, tena neno la pwani katika mji ambao watu wengi husema foto, kinakaa jirani na kazi ambazo karibu zote zina majina ya Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili kimesimama mlangoni, kikapokea wageni, kikabaki nje.

Pengo hilo si la mpiga picha peke yake. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioendeshwa na Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, umekusanya masimulizi ya wakazi, vyombo vyao vya nyumbani na picha za jamaa zao. Kwa hiyo picha ziko, na masimulizi yako. Kuzipeleka nakala za Mémoire kambini, kuwawekea wazee mezani na kuandika wanayoyasema, kwa Kiswahili chao na bila kukinyoosha, ni kazi ambayo idara ya lugha ina vyombo vyake kuliko jumba lolote la sanaa. Aliyeingia kiwandani akiwa na miaka ishirini kabla ya kampuni kutaifishwa ana umri wa karibu miaka themanini au zaidi. Yeye ndiye awezaye bado kumtazama mmoja wa wale waliosimama mstari, akaweka kidole juu ya uso wake, na kusema kwamba huyu alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kisimani, mke wake aliitwa hivi, na posho yake ya mwezi wa mwisho hawakumpa.